Raili na Baiskeli ya Posta

Mwaka ambao Raili Kemppainen alitimiza miaka hamsini na tisa, alichoka kiasi cha kulala amesimama. Sitii chumvi. Nilimwona kwa macho yangu jikoni kwetu shuleni, mbele ya sufuria ya supu ya njegere ya watoto mia nne, kope zimefumba, mwiko unazunguka kama unajiendesha wenyewe. Nikamgusa kiwiko.

"Shoga, utatumbukia."

"Afadhali," akasema bila kufumbua macho. "Humo kuna joto."

Katika jiko hilo tulifanya kazi pamoja miaka kumi na saba, hapa Oulu, Ufini, upande wa kaskazini wa mto. Naitwa Oili. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka miwili na mdomo wangu ni mkubwa kwake mara kumi, ndiyo sababu tulielewana. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mabega mapana, mikono ya kumenya viazi. Akicheka, alicheka kwa pua tu.

Uchovu wake ulikuwa na jina, na jina lenyewe ni Taisto, mume wake. Taisto alikuwa mtu wa posta. Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua kwa baiskeli, jua likiwaka, theluji ikianguka, na sijawahi kusikia mtu wa mtaa wetu akilalamika kwamba barua yake ilichelewa kwa sababu ya baridi. Kisha, mwaka mmoja tu baada ya kustaafu, asubuhi moja ya Oktoba, aliinama kufunga kamba za viatu asiinuke tena. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa. Alibakiwa na maneno manne: "ndiyo", "kahawa", "Raili", na "shetani". Hilo la mwisho lilimshangaza kila mtu, maana Taisto akiwa mzima hakuwahi kutukana hata mbwa wa watu. Daktari alisema ndivyo ilivyo, matusi yamewekwa chumba kingine kichwani, na mwizi huyu, kiharusi, hakufika huko.

Basi Raili akawa anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Anamgeuza mumewe, anamwosha, anamvisha, anamlisha uji wa shayiri, anamweka kwenye kiti karibu na dirisha, anakimbilia basi. Saa tano mhudumu wa manispaa anapita kumpa Taisto chakula cha mchana na kumpeleka chooni. Saa tisa alasiri Raili yuko nyumbani tena, na hapo ndipo siku ya pili inaanza. Hawakujaliwa mtoto. Kaka yake Taisto yuko Uswidi na hutuma kadi.

Ilikuwa Novemba muuguzi wa kituo cha afya alipompima akamwambia sukari imepanda.

"Unafanya mazoezi?" muuguzi akamuuliza.

"Namwinua mwanamume wa kilo tisini mara sita kwa siku."

"Hiyo ni kazi, mama. Siyo mazoezi."

Raili alinisimulia haya tukiwa tunakausha trei, na nikaona mshipa wa shingo yake unacheza. "Oili, nilitaka nimvike ile mashine ya kupimia presha shingoni."

"Muuguzi kasema kweli lakini. Nenda jimu."

"Jimu? Wanataka pesa kila mwezi uende usiende. Na nani akae na Taisto?"

"Kuogelea?"

"Bwawa limefungwa, wanatengeneza paa."

"Ski?"

"Goti."

Nilisukuma trei pembeni. Kisha nikasema, "Baiskeli ya Taisto si iko chini inaota kutu? Njia ya kuja kazini ni ile ile. Badala ya kusimama kituoni ukigandishwa na basi lisilokuja, kanyaga."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia ale theluji. Najua, hapa kwetu nusu ya mji wanaendesha baiskeli majira ya baridi. Watoto wetu wa darasa la kwanza wanakuja shule kwa baiskeli nyuzi ishirini chini ya sifuri, pua zimewiva, wanaona kawaida. Lakini Raili hakuwa mtu wa hivyo. Kila mwaka, theluji ya kwanza ikianguka, alipanda basi mpaka Mei. "Mtu wa baiskeli nyumbani kwetu ni mmoja," akasema, "na amekaa dirishani."

Nilimwacha wiki mbili. Kisha nikafanya uchokozi. Nilinunua matairi mawili yenye misumari nikampelekea kama zawadi ya Krismasi, na ilikuwa bado ni tarehe mbili Desemba. Tukashuka wote ghalani chini ya jengo lao. Ilikuwa baiskeli nzito, ya chuma, rangi ya njano imebabuka, mbele ina kishikio kikubwa cha kubebea mfuko wa barua. Mimi nimekulia shambani, najua kuvua tairi. Nilipomaliza, mikono myeusi, Raili akauliza kwa unyonge, "Na nikianguka?"

"Utaanguka. Shusha kiti, miguu yote ifike chini. Usikate kona kama unakimbia polisi. Breki ya mbele isahau kabisa. Na usivae kama unakwenda kuzikwa Siberia. Ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo, hiyo ndiyo sawa."

Hakunisikiliza. Asubuhi ya kwanza aliingia jikoni amevaa makoti mawili na suruali tatu, jasho linamtiririka, uso kama kamba aliyechemshwa. Akakaa juu ya gunia la viazi.

"Nimeiva," akasema. "Nimenye unitie chumvi."

Wiki hiyo ya kwanza ilikuwa mateso matupu. Siku ya pili alianguka kwenye njia inayopita chini ya barabara kuu, mtoto wa darasa la tatu akamwinua akamuuliza kama ana mtu wa kumpigia simu. Siku ya nne gurudumu la nyuma liligoma: anakanyaga, pedali zinazunguka bure kama za kuchezea, baiskeli haiendi. Aliipiga teke barafuni mbele ya watu, akaikokota kilomita mbili. Alifika kazini amefura kwa hasira.

"Ulilala nayo ndani?" nikamuuliza.

"Niliiingiza ukumbini. Nilidhani inasikia baridi."

"Haisikii baridi, wewe. Ndani inapata unyevu, nje unyevu unaganda. Iache nje siku zote. Usiionee huruma."

"Basi ni kitu pekee katika maisha yangu nisichotakiwa kukionea huruma," akasema, na nikasikia kile kicheko chake cha pua.

Sijui ilibadilika siku gani hasa. Nadhani ni karibu na sikukuu, wakati jua linachomoza saa nne na nusu na kufikia saa nane limeshazama. Aliingia asubuhi moja akavua kofia, nywele zimesimama, nyusi nyeupe kwa barafu, akabaki mlangoni akitabasamu peke yake.

"Oili, kumbe ina harufu."

"Nini?"

"Theluji. Kwenye basi huisikii." Akasugua vidole. "Kilomita ya kwanza mwili unakataa. Ya pili unanung'unika. Ya tatu, sijui, kama mtu kawasha jiko tumboni. Halafu ile misumari kwenye barafu, inasema chrrr, chrrr, kama mtu anakaanga kitu mbali. Kumetulia. Na Oili, dakika arobaini nzima hakuna anayeniita."

Aliposema hivyo sauti ilishuka, akageuka haraka akaanza kuhesabu mikate. Nilielewa. Neno "Raili" lilikuwa moja kati ya maneno manne ya mumewe, na alilitumia kutwa kucha. Raili, maana yake maji. Raili, maana yake mto. Raili, shetani, Raili.

Januari ilipokuja alikuwa ameshajua kila kitu. Alijipaka mafuta mazito mashavuni, akafunga skafu ya sufu puani, akavaa mitteni, mifuko ya mikono isiyotenga vidole, juu ya glavu. Alijua trekta la theluji linapita saa ngapi wapi. Theluji ikishindiliwa vizuri, na nyuzi zikiwa kumi na tano chini, alisema hakuna barabara ya kiangazi inayoshinda hiyo. Usingizi wa kusimama ukakoma. Nilijisifu kwa kila mtu kwamba ni mimi niliyemtibu.

Nisichojua ni kwamba alikuwa ameanza kuchelewa nyumbani.

Kwanza alichelewa robo saa tu. Kazini tunatoka saa nane na nusu. Badala ya kupita njia ya moja kwa moja alizunguka kando ya mto, aone maji yanavyofuka moshi pale yasipoganda. Kisha ikawa nusu saa. Kisha saa nzima. Alivuka madaraja ya visiwani akaenda mpaka ufukweni Nallikari, ambapo bahari yote ni barafu na kuna njia iliyosafishwa kwa watu wa ski na baiskeli. Akawa anasimama pale, mguu mmoja chini, anatazama weupe. Hafanyi kitu. Baadaye aliniambia, "Nilikuwa najisemea dakika tano. Nikajisemea tena dakika tano."

Nyumbani alitoa sababu. Nilikuja kuzijua Jumatano moja ya Februari.

Siku hiyo nilikuwa na mapumziko. Nilioka mikate mitamu ya iliki, nikaona niwapelekee michache ingali moto. Ufunguo wao wa akiba nilikuwa nao tangu Taisto augue. Saa tisa na nusu nikapiga kengele, kimya. Nikafungua. "Hodi wenyewe! Taisto, ni mimi, Oili, usiogope."

Nikasikia, kwa sauti ndogo kabisa, kutoka sakafuni: "Shetani."

Alikuwa amelala kati ya kiti chake na mlango wa jikoni, shavu kwenye zulia, mkono ule ulio mzima umekunjamana chini ya kifua. Suruali imelowa. Sijui alilala pale muda gani. Kahawa aliyoachiwa na mhudumu kwenye chupa ilikuwa juu ya meza ya jikoni, na nadhani ndiyo alikuwa akiifuata. Nilimtia mto chini ya kichwa, nikamfunika blanketi, nikapiga simu ya dharura. Nilipiga na ya Raili. Iliita mfululizo bila kupokelewa. Baadaye nilijua ilikuwa ndani ya koti, chini ya sweta mbili, asiisikie kwa upepo.

Walikuja vijana wawili, msichana na mvulana, wakamwinua kama mtu anavyoinua kapu. Wakampima, wakamkunja kila kiungo. Hakuvunjika. Alikuwa na jeraha kwenye nyonga na baridi mwilini. Walimweka kitandani wakaenda zao. Nilimbadilisha nguo mwenyewe. Ana aibu Taisto, aligeuza uso ukutani muda wote. Kisha nikakaa kando yake nikimnywesha kahawa kwa kijiko.

Saa kumi na moja kasoro kidogo mlango wa nje ukafunguka. Nikasikia buti zinakung'utwa, pumzi nzito, halafu sauti ya Raili, nyepesi, ya msichana, inatoka ukumbini:

"Taisto, kikao kilirefuka! Yule Oili akianza kuongea, unamjua, hamna wa kumzima!"

Mimi niko pale kitandani na kijiko mkononi.

Aliingia. Sitasahau uso ule. Nyusi zake, kope, zile nywele za pembeni zilizotoka kwenye kofia, vyote vimefunikwa barafu nyeupe, na chini ya barafu mashavu mekundu, macho yanang'aa. Tangu mumewe augue sikuwahi kumwona mzuri hivyo. Ilichukua muda furaha ile kuondoka usoni. Iliondoka kidogo kidogo, kama barafu ilivyoanza kuyeyuka ikimdondokea shingoni.

"Ameanguka," nikasema. "Hakuvunjika. Wameshakuja wameondoka."

Alipiga magoti kando ya kitanda na buti zake, theluji ikichuruzika zuliani, akaweka paji la uso kwenye blanketi. Taisto akamtazama juu ya kichwa, kisha akanitazama mimi. "Ndiyo," akasema. Sijui alikuwa anakubali nini.

Nilimwambia Raili mlangoni, nikivaa koti, na sikusema kwa upole: "Kama unataka kunitumia kwa uongo, niambie na mimi, tusipishane."

"Samahani," akasema. Hilo tu.

Kesho yake alikuja kwa basi.

Akaendelea na basi. Baiskeli aliirudisha ghalani, akaifunika turubai. Nilingoja wiki moja nikidhani hasira itamtoka, lakini haikuwa hasira. Alifika kazini, akamenya viazi, akaosha masufuria, akaondoka saa nane na nusu mbio kituoni. Rangi ya majivu ikamrudia. Muuguzi akamwongezea vidonge. Siku moja ya supu ya soseji alijikata kidole kwa sababu alikuwa analala na kisu mkononi, nikamfunga bandeji na maneno yakanitoka.

"Utaendelea hivi mpaka lini? Umejihukumu kifungo?"

"Alikuwa sakafuni, Oili."

"Angeweza kuanguka ukiwa chooni."

"Lakini sikuwa chooni." Akaivuta bandeji ikaze. "Nilikuwa nafurahi. Yeye yuko sakafuni amejikojolea, mimi nafurahi. Na hujui kibaya zaidi. Kurudi, pale darajani, nilijisemea, laiti njia ingekuwa ndefu zaidi."

Nikakiokota kisu, nikaanza kumalizia kazi yake. Na mimi niliwahi kuwa na mume.

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, siku ya Jumamosi, mwanga umesharudi, matone yanadondoka kutoka kwenye mapaa. Nilikuwa kwao kwa kahawa. Taisto alikaa kwenye kiti chake, mkongojo kando, sisi wawili mezani. Tulikuwa tunazungumza habari za mwalimu mkuu mpya asiyekula vitunguu. Mara Taisto akaanza kuhangaika. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kigingi cha nguo kilichokuwa ukutani nyuma yake, akavuta, akavuta tena, kikadondoka kila kitu, akapata alichotaka. Ilikuwa kofia ya sufu ya Raili, ile ya baiskeli. Akamrushia. Ikatua kwenye sahani ya siagi.

"Unataka nini? Unasikia baridi?"

"Shetani."

"Kahawa?"

"Shetani! Raili. Shetani!"

Akagusa nyusi zake. Akaonyesha kidole nyusi za Raili. Kisha akatenganisha kidole gumba na cha shahada, kidogo tu. "Ndiyo," akasema. Akavitenganisha zaidi. Kisha zaidi kabisa, mpaka vidole vikatetemeka.

Raili alikunja uso haelewi. Ni mimi niliyeelewa kwanza, kwa sababu baba yangu pia alikuwa mtu wa kazi za nje. Barafu ya nyusi. Mtu aliyetoka karibu ana ukungu mwembamba tu. Aliyetoka mbali ana barafu nene. Na huyu mzee alikanyaga baiskeli mitaa hii miaka thelathini na mmoja. Angekutazama tu mlangoni akakwambia umetoka mtaa gani na upepo ulikupiga upande upi.

"Raili," nikasema, "anakwambia alijua."

Raili akaweka kikombe chini. "Ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Akainua bega moja, lile linaloinuka.

"Mbona hukusema?"

Taisto akamkazia macho. Mimi nikashindwa, kicheko kikanitoka kama mluzi. "Angesemaje, bibi wee? Kwa maneno gani? Kahawa?"

Kona ya mdomo wa Taisto, ya upande mzima, ikapanda. Halafu akaacha kutabasamu. Alininyooshea kidole mimi, akafungua na kufumba kiganja chake mara nyingi kama mdomo wa bata unaopayuka, akamtazama mkewe, akatikisa kichwa. Hapana. Alirudia: Oili, mdomo, hapana. Kisha akaonyesha dirishani, mbali, kule kwenye mto na bahari. "Ndiyo," akasema. "Raili. Ndiyo."

Hapo hakuhitaji mkalimani. Nenda mbali utakavyo, ila usinidanganye.

Raili alilia kama watu wasiozoea kulia, kwa sauti mbaya, anakoroma. Nilikwenda jikoni nikajifanya naosha vikombe.

Tuliyapanga mambo kama watu wazima. Manispaa ilimpa Taisto kengele ya kuvaa mkononi. Akiibonyeza watu wanakuja. Mimi nikachukua Jumatano na Ijumaa, nikitoka kazini napanda basi lake, yeye anachukua baiskeli. Nilikaa na Taisto tukicheza karata. Kwa mkono mmoja aliweza kuiba karata vizuri kuliko mimi kwa miwili, na nikimkamata alisema "shetani" kwa adabu sana. Raili kabla ya kutoka kazini alimpigia simu akamwambia anapita wapi. "Leo naenda mtoni mpaka kwenye maporomoko, nirudi kwa njia ya reli." Upande wa pili nasikia: "Ndiyo." Mara moja alisema atapitia njia ya msituni, Taisto akapiga kelele "Shetani, shetani!" simuni mpaka akabadilisha. Tulikuja kusikia jioni kwamba njia ile haikuwa imesafishwa siku mbili, mtu angezama mpaka magotini.

Mwezi wa tano muuguzi akampima tena. Sukari ilishuka, si sana. Muuguzi alifurahi kuliko yeye. Nilimuuliza Raili, "Basi umepona?"

"Nani kapona? Nimechoka vile vile." Alifikiri kidogo, mikono kwenye maji ya vyombo. "Ila ni uchovu mwingine. Ule wa kwanza ulikuwa unakaa hapa mgongoni, nikilala unakaa macho. Huu uko miguuni. Huu wa miguuni, nikilala nao unalala."

Ningependa kukwambia mambo yakawa mazuri kuanzia hapo. Kiangazi kilikuwa kizuri. Lakini Novemba iliyofuata Taisto alipata kiharusi cha pili, na safari hii mwizi alifika kila chumba. Hata lile tusi lilikwenda. Raili alijaribu kumuuguza nyumbani wiki tano. Nilimkuta siku moja amekaa sakafuni kando ya kitanda, hawezi kumwinua, hawezi kuinuka, wanatazamana. Kabla ya Krismasi wakampa Taisto kitanda katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya mto, upande wa kusini, kilomita tisa kutoka kwao.

Kwa basi unabadilisha mara mbili. Raili anakwenda kwa baiskeli. Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, na Jumapili asubuhi. Watu wanamwambia, Raili mama, umri unakwenda, uza hicho chuma, hata kwenda mara moja kwa wiki inatosha, hakujui tena. Anawaitikia kwa heshima na anakanyaga.

Nilimsindikiza Jumapili moja ya Januari. Nyuzi kumi na tisa chini. Nilikuwa nimesema maneno mengi miaka ile kuhusu baiskeli, ikawa lazima niyathibitishe. Kulikuwa bado giza, taa za njia zina duara za ukungu, trekta limeshapita limeacha theluji imelazwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alitangulia. Mgongo wake mpana ulikwenda taratibu, hauchezi, hauharakishi. Kilomita ya kwanza nilimlaani. Ya pili nilijilaani. Darajani upepo ulinipiga machozi yakaganda kwenye kope ikabidi nisimame niyakwanyue, naye akanisubiri, mguu mmoja chini, akitazama maji meusi yanayopita katikati ya barafu.

"Vipi, mwalimu?" akauliza.

"Nyamaza."

Akacheka kwa pua. Tukaendelea. Karibu na kilomita ya sita mwili wangu ukapata moto, mabega yakashuka, nikasikia misumari ya matairi yetu ikiimba pamoja, na kwa muda sikufikiri kitu chochote, wala jiko, wala uzee, wala nani atanipikia supu mimi zamu yangu ikifika. Ilikuwa furaha, siwezi kuiita jina jingine. Ndogo, na iliyochoka.

Kule kwa wazee wamemzoea. Wanamruhusu aegemeze baiskeli chini ya kibanda cha mlangoni. Tulivua makoti, skafu, sweta, tukayatundika, tukapita ukumbi unaonuka uji na sabuni. Taisto alikuwa amelala chali, amekonda, nywele zimechanwa na mtu asiyejua zinalalia upande gani. Nilitaka kwenda kumshika mkono. Raili akanizuia.

"Ngoja kwanza. Mikono ina baridi."

Alisimama kwenye hita chini ya dirisha, akaweka viganja juu yake, akavigeuza, akaviweka tena, bila haraka, kama dakika tano nzima. Miguu yake ilikuwa inatetemeka kwa safari. Mikono ilipopata joto alivuta kiti, akakaa, akaweka kiganja shavuni kwa mumewe. Taisto hakufumbua macho, ila kichwa kikalalia kiganja kidogo, au labda ni mto tu uliteleza.

"Leo tumepita darajani," akamwambia. "Upepo wa kaskazini. Oili amelia njia nzima."

Tulikaa mpaka kukapambazuka. Alikula mkate wake wa shayiri, akanimegea nusu. Kisha akavaa sweta, akavaa skafu, akavaa mitteni, tukashuka kwenda kukanyaga kilomita tisa za kurudi.